Nyumba yangu iliungua, ya jirani ikabaki: nianze na usafi au na shukrani?

Swali: Bwana asifiwe, Pasta. Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza maharagi na unga katika soko la Virunga, hapa Goma. Nyumba yetu ya Buhene iliungua kwa moto wa volkano ya Nyiragongo mwaka 2021. Ya jirani yangu, ambaye tunasali naye, ilibaki. Kila wakati wa ushuhuda yeye anasimama kushukuru kwamba Mungu alizuia moto kwenye uzio wake, na mimi moyo unachemka. Tunafundishwa kwamba anayelalamika hana imani, na tushukuru kwa kila jambo. Halafu nimejiona sokoni nimeanza kubonyeza kopo la kupimia, ili lipime pungufu, kama wenzangu, jambo ambalo zamani sikulifanya. Mwezi ujao tuna ibada ya shukrani, kila familia inaombwa kuleta sadaka. Moyo wangu ni mchafu na mkono wangu ni mchafu. Nijisafishe kwanza ndipo nishukuru, ao nishukuru kwanza?

Jibu: Amina, Mama. Kwa kifupi, anza na shukrani, na kopo ulinyooshe siku hiyohiyo. Ila nikiishia hapo nitakuwa nimekurudisha kwenye ile shukrani unayodaiwa kanisani, na mimi nina mashaka nayo. Kwa hiyo univumilie.

Nianze na jirani yako, maana naona yeye ndiye mzizi wa swali. Moto wa Nyiragongo ni mwepesi kutiririka kuliko ule wa volkano nyingi duniani, na hufuata mteremko wa ardhi. Tarehe 17 Januari 2002 ulishuka ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, ukachukua maduka, baa, nyumba za wacha Mungu na za walevi, ukachukua hata kanisa kuu la Wakatoliki, la Mtakatifu Yosefu. Ile Jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021 ulikuja upande wenu wa Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Aliyejenga mahali palipoinuka kidogo alipona, na aliyejenga bondeni aliunguliwa. Sisemi kwamba Mungu hakuwepo usiku ule. Nasema kwamba hakuna mtu anayeweza kusoma ramani ya ule moto akajua nani alikuwa anaomba na nani hakuwa anaomba.

Bwana Yesu mwenyewe aliletewa habari ya namna hii. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu wakafa, na anawauliza wasikilizaji wake kama wanafikiri hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu. Jibu lake ni la kukata: sivyo. Basi mtu akisimama kanisani akasema moto ulifika kwake ukamheshimu, na pembeni yake ameketi mtu ambaye moto haukumheshimu, amesema mambo mawili kwa mara moja. La kwanza ni aksanti kwa Mungu, na ana haki nayo kabisa. La pili ni hukumu juu ya jirani, hata kama hakuikusudia.

Umewahi kuangalia kwamba katika ule mfano wa Luka 18, wa Farisayo na mtoza ushuru, anayeshukuru ni Farisayo? Sala yake inaanza na shukrani. Anamshukuru Mungu kwamba yeye si mnyang'anyi, si mzinzi, wala si kama yule mtu pale nyuma. Na huenda alikuwa anasema kweli. Hakuna mahali Yesu anapomwita mwongo. Yule mwingine hakushukuru kitu, alijipiga kifua akaomba rehema, na yeye ndiye aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki. Wahubiri wetu hupenda kusema kwamba shukrani siku zote ni harufu nzuri mbele za Mungu. Hii hapa ilikataliwa, na sababu inaonekana wazi: haikuweza kusimama bila mtu wa kulinganishwa naye.

Sisemi kwamba jirani yako ni Farisayo. Simjui. Inawezekana kabisa kwamba anaposhika kile kipaza sauti bado anatetemeka kwa yale aliyoyaona, na kwamba hajui namna nyingine ya kusema. Hilo nitalirudia mbele kidogo.

Sasa, kuhusu fundisho la kwamba anayelalamika hana imani. Andiko wanalolishika ni 1 Wathesalonike 5:18, shukuruni kwa kila jambo. Ni andiko zuri, lakini lisomwe pamoja na barua yote. Katika sura ya pili ya barua hiyohiyo Paulo anaeleza jinsi alivyotaka kuwatembelea, mara ya kwanza na ya pili, akazuiwa, na anasema wazi aliyemzuia ni Shetani. Hashukuru kwa kuzuiwa. Hauiti ubaya kuwa ni wema. Katika sura ya nne anawaandikia watu waliofiwa, wala hawakatazi kuhuzunika. Anawaomba wasihuzunike kama wasio na matumaini. Na kwa Wakorintho aliandika kwamba huko Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Mtu huyu ndiye tunayemtumia kuwanyamazisha wamama waliounguliwa nyumba!

Kuna kulalamika kunakokatazwa katika Biblia, ni kweli. Kumbukumbu la Torati 1:27 inasema Waisraeli walinung'unika ndani ya hema zao wakisema Mungu anawachukia. Walisema habari za Mungu, lakini Mungu mwenyewe hawakumwambia. Zaburi 13 inamwambia usoni: hata lini utanisahau? Zaburi 88 inamwambia pia, na inaisha gizani bila neno moja la shukrani, na bado imewekwa katika kitabu cha sifa. Kwa hiyo ukipiga magoti usiku ukamwambia Mungu, "Kwa nini nyumba yangu na si yake?", umeomba. Ukilisema hilohilo sokoni kila siku kwa kila anayepita, hapo umeingia ndani ya hema.

Lakini zaburi yako wewe, Mama, ni ya 73. Ya Asafu, kiongozi wa waimbaji, mtu wa korali kama tungesema leo. Anaanza kwa kukiri kwamba Mungu ni mwema kwa walio na mioyo safi, halafu papo hapo anatoboa siri: miguu yake ilikaribia kuteleza, kwa sababu aliwaonea wivu wengine alipoona mambo yao yanakwenda vizuri. Fikia mstari wa 13 usome polepole: "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure, nimenawa mikono yangu kwa kutokukosa." Moyo na mikono, vile vile viwili ulivyoniandikia. Asafu hakuwa bado amefanya kosa la mkono. Alikuwa amefika pale ambapo mtu anajiuliza faida ya kuendelea kuwa mwaminifu ni nini. Baada ya swali hilo, kopo hubonyea lenyewe.

Hapo ndipo naona usafi na shukrani vinashikana, na ndiyo maana nakuambia uanze na shukrani. Paulo, katika Warumi 1, anaeleza jinsi wanadamu walivyotumbukia katika uchafu wa kila aina. Orodha yake ni ndefu: uasherati, tamaa, uuaji, hila, kusengenya. Mlango waliopitia kuingia humo ameutaja kabla, katika mstari wa 21: walimjua Mungu, lakini hawakumtukuza wala kumshukuru. Uchafu ulifuata. Na katika Waefeso 5, anapokataza uasherati na uchafu na kutamani na maneno ya upuzi, ungetegemea aseme mahali pake mweke usafi. Anasema "bali afadhali kushukuru." Zamani nililiona jambo hilo kuwa la ajabu, kana kwamba amejibu swali jingine. Sasa naliona kuwa ni busara ya mchungaji anayejua watu. Anayepunja kipimo ameshaamua moyoni kwamba hakuna atakayempa, kwa hiyo lazima achukue. Tamaa ya mwili hufuata njia hiyohiyo. Ukimkemea tu mtu huyo ataficha mkono. Akianza tena kuona kwamba anapewa, hata kidogo, mkono unalegea.

(Kwa kupita tu: makanisani kwetu neno usafi limebanwa likawa habari ya zinaa, na hasa habari ya sketi za wasichana. Zinaa ni dhambi, sibishani. Lakini katika 1 Wathesalonike 4, Paulo akikataza uasherati, pumzi hiyohiyo anakataza mtu kumkosea na kumpunja ndugu yake. Sijawahi kusikia semina ya vijana juu ya makopo ya sokoni.)

Ndugu zetu wa mapokeo ya Kireforma wana katekisimu ya Heidelberg, kitabu cha kufundishia imani kwa maswali na majibu, ya mwaka 1563, yenye maswali 129. Wameigawa sehemu tatu: taabu ya mwanadamu, wokovu wake, na shukrani yake. Amri Kumi hawakuzitia katika sehemu ya taabu, pale ambapo sheria inatushtaki. Maelezo yake yote, amri baada ya amri, pamoja na "usiibe", yamo katika sehemu ya shukrani, na sala ya Baba Yetu pia. Kwa mpangilio huo, mtu hatunzi mikono yake ili Mungu ampende; ameshapendwa, na kutunza mikono ni namna yake ya kusema aksanti. Ndiyo hoja yangu, wao waliisema mapema tu.

Mji wetu pia una mtu wa kutufundisha hili. Mimi ni Mprotestanti, sina desturi ya kuwaombea watu waitwe wenye heri, lakini siku ile ya tarehe 15 Juni 2025, Floribert Bwana Chui alipotangazwa mwenye heri huko Roma (kwa Wakatoliki ni hatua ya kabla ya kuitwa mtakatifu), nilifurahi kama mtoto wa Goma. Alizaliwa hapa mwaka 1981. Alifanya kazi katika ofisi ya kukagua bidhaa zinazoingia mpakani. Alikataa rushwa ili asiruhusu mchele ulioharibika upite uje kuliwa na watu, akatekwa na kuuawa mwezi wa Julai 2007, akiwa na miaka 26. Watu husimulia kifo chake na kukomea hapo. Mimi huwa nakumbusha na maisha yake: alikuwa katika jumuiya ya Wakatoliki iitwayo Sant'Egidio, na muda wake wa jioni aliwapa watoto wa barabarani, maibobo, akiwafundisha. Wale aliokataa kuwalisha mchele mbovu aliwajua kwa majina. Usafi wake ulikuwa na sura za watu ndani yake. Wewe nawe, anayenunua kopo lako lililobonyezwa ni mama mwenzako wa Majengo au Kasika, ambaye usiku atagawa sahani na kuona haitoshi, na hatajua kwa nini.

Basi shukrani ya kweli inaanzaje kwa mtu mwenye hasira? Usingoje kuisikia moyoni. Anza na kitu kidogo ambacho hakihitaji kusema uongo. Usimshukuru Mungu kwa kuungua kwa nyumba, hakukuomba hilo. Nyumba iliungua, ni hasara, iite hasara. Lakini kuna watu waliokupokea. Tarehe 27 Mei 2021, sehemu kubwa ya mji ilipoamriwa kuhamwa, watu walijaza njia ya Sake, wengine Minova, wengine Rutshuru, wengine wakavuka kwenda Gisenyi. Sijui ninyi mlilala wapi. Popote mlipolala, kuna mama aliyefungua mlango, akapika kwa makala (makaa) yake, akawapa watoto wako mkeka. Je, ulimrudia kumwambia aksanti?

Nauliza kwa sababu ya wale wakoma kumi wa Luka 17. Walikutana na Yesu mpakani, kati ya Samaria na Galilaya, na wote kumi walitakasika. Usafi waliupata wote. Aliyerudi alikuwa mmoja, tena Msamaria, mtu wa upande mwingine, na yeye peke yake ndiye aliyeambiwa kwamba imani yake imemwokoa. Wale tisa hawakufanya ubaya. Walikwenda kwa makuhani kama walivyoagizwa. Walikuwa safi na wameshika amri, na bado kuna kitu hawakukipata, kwa sababu kilikuwa njiani pa kurudi. Kwa hiyo kabla ya ibada ya mwezi ujao, mtafute huyo mama. Kama ni mbali, mpigie simu. Mwambie jambo moja mahususi unalolikumbuka: ule usiku wa baridi, ile sahani ya sombe. Utashangaa jinsi moyo unaochemka unavyopata mahali pa kukaa.

Kopo sasa. Hili halina mjadala mrefu. Mithali 11:1 inasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana. Linyooshe, na likiwa halinyooki, nunua jingine. Najua utakachoniambia: wenzako wote wamebonyeza, na wewe ukipima sawasawa lazima upandishe bei, na mteja anaangalia bei kabla ya kopo. Hoja hiyo ina uzito, siidharau. Watoto wanne hawali mahubiri. Fanya hivi: wateja wako wa kila siku waambie waziwazi kwamba kopo lako halikubonyezwa, wageuzie chini waone. Mama anayepika anajua kopo lijazapo sufuria na lisipojaza, atalinganisha mwenyewe. Wiki za kwanza utauza kidogo zaidi, hilo jiandae nalo.

Na wale uliowapunja? Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na Walawi 6 inadai kurudisha pamoja na sehemu ya tano juu yake. Wewe huwezi kumtafuta kila aliyenunua kilo mbili za maharagi tangu mwaka jana. Lakini matabishi, ile nyongeza ya bure anayopewa mteja, yapo. Kwa muda, ongeza kiganja kimoja juu ya kipimo kilicho sawa, bila kutangaza, hasa kwa wale unaokumbuka nyuso zao. Wale wa uamsho wa Afrika Mashariki, uliotokea Gahini upande wa Rwanda katika miaka ya 1930, walijulikana kwa jambo hili: mtu akiokoka alirudisha alichoiba, hata kama mwenyewe alikuwa ameshasahau. Wazee wetu wengi wa Kivu walilelewa na desturi hiyo. Siku hizi tunatubu kwa maneno tu, tena kwa sauti kubwa.

Jirani. Mathayo 5:23 inasema ukileta sadaka madhabahuni ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapo, nenda kwanza mpatane. Katika habari yenu, wewe ndiye mwenye neno juu yake, naye huenda hajui. Mwendee nyumbani kwake, si kanisani, wala usimtume mtu. Mwambie, "Mama, unaposhukuru kwa nyumba yako, mimi naumia, kwa sababu yangu iliungua." Basi. Usimfundishe Luka 18, hilo niachie mimi. Kama ni mtu wa Mungu, ushuhuda wake utabadilika wenyewe. Kama hatabadilika, wewe utakuwa umeacha kuunung'unikia ndani ya hema.

Na ibada yenyewe uende. Ukipewa nafasi ya kusema, fuata mfano wa Kumbukumbu la Torati 26. Mwisraeli aliyeleta malimbuko hakuanza na baraka. Alitamka mbele ya kuhani habari za baba aliyekuwa karibu na kupotea, utumwa wa Misri, mateso na kilio, halafu ndipo akafika kwenye kikapu cha matunda. Hiyo ndiyo shukrani iliyoamriwa na Torati, na hasara imo ndani yake. Kwa hiyo taja Buhene. Sema nyumba iliungua na bado unaililia, kisha sema nani aliwapokea. Ukiona mwongoza ibada anakunja uso, mwombe afungue sura hiyo.

Kiasi cha sadaka kinanipa wasiwasi kidogo, maana najua jinsi bahasha zinavyogawiwa na jinsi majina yanavyosomwa. 2 Wakorintho 8:12 inasema sadaka hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Usikope kwa ajili ya shukrani. Usiguse pesa ya likelemba, ule mchango mnaopokezana kwa zamu, hiyo ni zamu ya mwenzako. Na usiguse mtaji wa maharagi, ndio chakula cha watoto. Ukitoa franga elfu mbili, umetoa. Tena, katika Walawi 7:15, nyama ya sadaka ya shukrani ilipaswa kuliwa siku hiyohiyo, isibaki hata asubuhi. Mtu mmoja hawezi kumaliza mnyama mzima kwa siku moja, kwa hiyo aliyeshukuru alilazimika kuwaita watu. Ukitoka kanisani, pika kopo moja la maharagi, kopo zima, na umwite jirani yako aje na watoto wake.